Mjadala: Siku ya kazi ofisini inaanza getini, mezani au kompyuta ikishawaka?

Mtoa mada

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa kina, maana linagusa watu wengi na kila ofisi inalitafsiri inavyotaka. Mkataba unasema saa za kazi ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, mapumziko saa moja katikati. Umeishia hapo. Hausemi hiyo saa 2:00 mfanyakazi awe wapi: awe amevuka geti, ameshagusa mashine ya alama za vidole, amekaa kwenye kiti chake, au tayari anamhudumia mteja.

Ukitaka kuliona tatizo, simama mapokezi dakika kumi kabla. Watu wamejipanga mbele ya mashine. Mmoja kidole hakisomeki, anakifuta kwenye nguo, anajaribu tena, anajaribu kingine. Wa nyuma yake macho yako kwenye saa ya ukutani. Mashine inakuja kumwandikia 2:01, na mwisho wa mwezi dakika hiyo inaonekana kwenye orodha ya wachelewaji, anatakiwa aandike barua ya kujieleza. Na mtu huyu alikuwa ndani ya jengo la mwajiri tangu 1:50! Penye daftari la mahudhurio ni yale yale: saa 2:00 ikitimia, mtu wa utumishi anapiga mstari mwekundu, ukisaini chini ya mstari umechelewa.

Akishapita hapo anawasha kompyuta. Imeamua kujisasisha asubuhi hiyo hiyo. Neno la siri limeisha muda wake, inabidi apige simu kwa watu wa tehama, nao simu yao iko bize kwa sababu kila mtu anawapigia wakati mmoja. Mpaka mfumo ufunguke, imefika 2:15. Ndiyo maana wasimamizi wengi wamekuja na agizo la mdomo: "Saa 2:00 nataka mtu awe anafanya kazi, siyo anawasha kompyuta. Fikeni 1:45." Agizo hilo halipo kwenye mkataba, na jioni hakuna anayeambiwa aondoke 10:45.

Msimamo wangu ni huu: siku ya kazi inaanza pale mwajiri anapokutaka uwepo. Akisema 1:45, siku imeanza 1:45, na robo saa hiyo ihesabiwe. Msione ni kidogo. Dakika 15 kwa siku tano ni dakika 75 kwa wiki. Kwa wiki 48 za mwaka ni saa 60. Gawa kwa saa nane, unapata siku saba na nusu za kazi ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote.

Na kigezo cha kupimia tayari kipo. Mkataba Na. 30 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao unahusu hasa wafanyakazi wa biashara na ofisi, unaeleza kwamba saa za kazi ni muda ambao mwajiriwa yuko chini ya mwajiri, tayari kutumwa. Hauangalii kama ameshaanza kuandika barua au kupokea simu. Karibuni.

Msimamizi wa kitengo

Kwa heshima zote nakupinga. Mimi naongoza watu wa kaunta. Mlango unafunguliwa kwa mteja saa 2:00. Anaingia, anakuta mmoja anatafuta chaja, mwingine ndiyo kwanza anaweka mkoba chini ya meza, wawili wanaulizana habari za jana. Mteja huyo mfumo wenu haumhusu, yeye aliambiwa saa 2:00. Mwalimu anatakiwa awe darasani kipindi kinapoanza, siyo awe getini. Rubani haanzi kukagua ndege saa ya kuruka ikishafika.

Halafu tuseme ukweli: mtu analipwa mshahara wa mwezi, halipwi kwa saa. Ndani ya mwezi huo kuna siku anaomba ruhusa ya nusu saa aende kliniki na mtoto, nampa, sikati kitu. Tukianza kuhesabiana dakika, na mimi nitahesabu.

Mhudumu wa kituo cha simu

Msimamizi, hizo dakika sisi mnatuhesabia tayari. Kwetu muda unasomwa kuanzia pale programu ya kupokelea simu inapoonyesha "tayari". Kabla ya hapo nimewasha mashine, nimeingiza namba ya mtumishi, nimefungua kumbukumbu za wateja, nimefungua programu ya simu, nimevaa vifaa vya masikioni nikajaribu sauti. Hakuna hata kimoja ninachokifanya kwa ajili yangu. Nikifika saa 2:00 kamili, ripoti inasema nimeanza 2:09 na alama zangu za utendaji zinashuka. Kwa hiyo nawahi, na kuwahi kwangu hakuonekani popote.

Mdau wa sheria za kazi

Mmegusa kitu kilichosumbua mahakama za nchi nyingi. Niwape picha ya Marekani kwa sababu huko kimepinda mara kadhaa.

Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, iliamua kwamba kutembea ndani ya kiwanda kutoka kwenye saa ya kugongea kadi hadi kwenye benchi ni muda wa kazi. Madai yakamiminika mahakamani, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria, Portal-to-Portal Act ya 1947, inayosema kutembea hadi unapofanyia kazi na maandalizi ya awali hayalipwi, isipokuwa pale mkataba au mazoea ya sehemu hiyo yanapotaka yalipwe. Kikabaki kigezo kimoja: je, maandalizi hayo hayatenganishiki na kazi uliyoajiriwa kuifanya?

Kwa kigezo hicho, mwaka 2014 majaji wote tisa walisema watu wa maghala waliokuwa wakipanga foleni kukaguliwa wanapotoka, foleni waliyodai inafika hata dakika 25, hawastahili kulipwa kwa muda huo, kwa kuwa hawakuajiriwa ili wakaguliwe. Ila mwaka 2021 na 2022 mahakama mbili za rufaa za shirikisho zilikutana na kesi za wahudumu wa vituo vya simu, kama huyu ndugu yetu hapa juu. Zote mbili zikasema kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kazi, kwa sababu bila hivyo simu haipokeleki. Katika ile ya 2021 zilikuwa kama dakika mbili tu kwa siku. Mwajiri akajitetea kuwa ni kidogo mno kuhesabika. Mahakama ikakataa: zinajirudia kila siku na zinapimika.

Angalizo: hukumu hizo zinawahusu wanaolipwa kwa saa. Hoja ya msimamizi kuhusu mshahara wa mwezi haifi kwa hukumu hizo.

Mtoa mada

Nashukuru sana mdau. Lakini hata huo mshahara wa mwezi umefungwa kwenye idadi ya saa, la sivyo mkataba usingeandika saa kabisa, na wala usingekuwepo mstari mwekundu. Mwajiri hawezi kuwa na saa wakati wa kuadhibu halafu akawa na mwezi wakati wa kulipa.

Msimamizi, kaunta iwe tayari saa 2:00, hapo tuko pamoja kabisa. Mteja asingojee. Basi waandikieni watu wa kaunta 1:45 hadi 10:45, au walipeni hiyo robo saa. Na mfano wako wa rubani unanisaidia mimi: ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka umo ndani ya zamu yake, hakuna shirika linaloichukulia saa ya kuruka kuwa ndiyo saa ya kuanza zamu.

Kwangu kipimo kizuri kuliko vyote ni cha sheria ya kazi ya Ufaransa: muda wa kazi ni ule ambao mfanyakazi yuko chini ya mwajiri na anafuata maelekezo yake, bila uhuru wa kushughulikia mambo yake binafsi. Mpime kwa hicho huyo aliyeambiwa awe mezani 1:45. Je, anaweza kutoka akakae nje asome gazeti? Hawezi. Basi yuko kazini.

Afisa utumishi

Naomba niseme na upande wetu, maana sisi ndio tunaonekana wabaya wa mashine. Nina watumishi wanaofika saa 1:00 kamili. Wengine wanakwepa foleni ya barabarani, wengine wanapenda utulivu, mmoja anasoma masomo yake ya jioni hapo hapo mezani kwake. Mashine inawaandikia wote saa 1:00. Nikiichukua mashine kama ilivyo, nitalipa saa ya ziada kwa mtu anayejisomea. Nikiipuuza, nitamdhulumu aliyeitwa na bosi wake kuandaa kikao. Mashine haijui tofauti, na mimi siko nao huko juu.

Kwa hiyo mtoa mada, kigezo chako ni kizuri ila kinataka ushahidi. Agizo la mdomo halina ushahidi. Mara ngapi mtumishi analeta malalamiko, namuuliza nani alikuagiza ufike 1:45, anasema "ndivyo tunavyofanya idarani"? Hapo sina pa kuanzia.

Mtoa mada

Aliyewahi kwa hiari yake hadai kitu, hilo silipingi hata kidogo. Muda huo ni wake, mradi akiachwa nao. Tatizo linaanza bosi anapopita 1:20 akasema "kwa kuwa upo, nisaidie hii taarifa." Kuanzia sentensi hiyo, siku imeanza.

Na ushahidi usiwe mzigo wa mfanyakazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa waajiri lazima wawe na mfumo wa kuaminika wa kupima muda ambao kila mtu anafanya kazi kila siku, kwa sababu bila kipimo hicho mfanyakazi hawezi kuthibitisha kitu. Mashine mnayo. Mmeitumia kumkamata anayechelewa. Itumieni pia kumlinda aliyewahishwa. Amri ya kuwahi ije kwa maandishi, hata ujumbe mfupi unatosha, na nakala ije utumishi.

Mama wa watoto wawili

Mnazungumza sheria, mimi nasema la kwangu. Mkataba nilisaini wa saa 2:00 nikapanga maisha kwa saa 2:00. Shule ya wanangu inafungua geti 1:30. Nikiwaacha hapo, saa 2:00 nafika bila tatizo. 1:45 siwezi, labda niwaache nje ya geti lililofungwa. Sikuwahi kuchelewa kwa mujibu wa mkataba, lakini kwenye kikao nilitajwa kama mtu asiyejituma. Agizo la mdomo haliwaumizi watu wote sawasawa. Linawaumiza wenye majukumu asubuhi, na wengi wetu ni wanawake.

Anayefanyia kazi nyumbani

Dada, pole, na asante kwa kusema hivyo.

Niongeze: mlango na mashine vinawahusu nyie mnaoenda ofisini. Kwangu siku inaanza na kundi la WhatsApp. Saa 12:40 asubuhi: "Nani ana zile takwimu?" Saa 12:50: "Naona kimya." Hakuna aliyeniambia niko kazini, ila nisipojibu nitaulizwa. Kwa kile kipimo cha Ufaransa, je, bado nina uhuru wa mambo yangu? Nchi hiyo imeweka kwenye sheria haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi nje ya saa tangu 2017, na Australia ikafuata 2024. Mimi nasema ujumbe unaodai jibu umefungua siku. Ujumbe unaoweza kungoja uandikwe hivyo: "Jibu ukiingia kazini."

Mdau wa sheria za kazi

Nimkumbushe afisa utumishi jambo moja, kwa faida ya wote. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Japani, kwenye shauri la watu wa kiwanda cha kutengeneza meli Nagasaki, ilisema muda wa kuvaa mavazi ya kazi ambayo mwajiri ameyalazimisha yavaliwe ndani ya eneo lake ni muda wa kazi, na haijalishi kanuni za kiwanda au makubaliano yameandikaje. Inaangaliwa hali halisi: mtu yuko chini ya amri ya mwajiri au hayuko? Kwa hiyo kuandika saa 2:00 kwenye mkataba huku watu mnawataka 1:45 si kinga mbele ya jaji mwenye mtazamo huo.

Afisa utumishi

Nimeelewa. Hebu nipendekeze maneno, mnikosoe: "Siku ya kazi inaanza saa 2:00 asubuhi mtumishi anapofika kwenye eneo la kazi. Kuwasha vifaa, kuingia kwenye mifumo na kupokea zamu ni sehemu ya muda wa kazi. Mtumishi anayetakiwa kwa maandishi kufika mapema zaidi atahesabiwa muda huo kama saa za kazi, au atapunguziwa muda uleule jioni ya siku hiyo." Na usasishaji wa kompyuta tehama waupange usiku. Hilo halihitaji hata mkataba.

Msimamizi wa kitengo

La usiku naliunga mkono, wangelifanya zamani. La maandishi pia nalikubali, japo nitakuwa na karatasi nyingi. Ila kwenye rasimu yako ongeza hili: anayefika saa 2:00 aelekee mezani kwake. Nina watu wanaogusa mashine 1:59 halafu nawaona mezani 2:25, walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Kama mwajiri anatakiwa kuheshimu dakika ya kwanza, na hao waiheshimu.

Mtoa mada

Iongezwe, ni haki kabisa. Na wenye chama cha wafanyakazi ofisini kwao, kipengele hiki kipelekeni kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora badala ya kumwachia kila mkuu wa idara ajitungie saa yake. Aliye na mkataba ambao tayari umeandika jambo hili kwa uwazi atuwekee maneno yake hapa, afute jina la mwajiri.