Gati la Mokowe: pakingi kwanza, au boti zingoje basi?

Mtu wa Langoni: Waungwana, barazani neno ni moja: pakingi Mokowe, gati la bara tunakopandia boti za kuvuka kisiwani Lamu. Wenye magari wanataka uwanja, taa na mlinzi. Sawa, gari haliingii Amu, yaani Lamu mjini kisiwani, lazima libaki bara. Lakini tuhesabu vichwa. Gari dogo linashusha watatu. Basi la Mombasa linashusha arobaini na mizigo yao. Tangu barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu itiwe lami, mwendo si ule wa vumbi na matope, ila ukifika gatini unakalia mkoba wako kungoja boti ijae. Basi halina habari na boti, boti haina habari na basi. Pesa ikipatikana ianzie hapo: boti ya zamu ingoje basi, nauli iandikwe ubaoni.

Mwenye Probox: Umesema kama mtu asiye na gari. Mimi nachuuza huku bara, miji ya Hindi na Mpeketoni, usiku nalala Amu. Gari linabaki juani kando ya lori la mchanga, namlipa kijana alitazame. Mwezi uliopita nimekuta kioo cha ubavuni kimeng'olewa, na kijana hakuona kitu (hawaoni kitu kamwe). Halafu hayo mabasi yako yanashusha watu katikati ya njia kwa sababu magari, tuktuk na bodaboda zimejazana hadi mlango wa gati. Yapange magari kwanza, basi nalo lipate pa kusimama.

Nahodha: Mnatupangia kazi bila kutuuliza. Petroli nanunua kwa mfuko wangu. Nikiondoka na abiria wanne nimetoa sadaka. Na basi likikwama kwenye vizuizi vya askari, nilingoje hadi jua litue? Likoni kule Mombasa mtu wa miguu havuki kwa nauli, naam, lakini kile kivuko ni cha serikali. Nilipwe safari tupu, nitangoja hata mabasi mawili.

Bi wa Mkomani: Nyote mwasemea magurudumu na mashine. Hospitali kuu iko kisiwani, wagonjwa wa bara wavuke vipi? Nilimleta shangazi yangu kutoka Witu siku ya bamvua, maji yamekupwa, boti iko chini kabisa, ngazi zateleza. Mahamali wawili walimshika makwapani, naye mtu mzima buibui limempanda magotini mbele ya watu. Hakuna kivuli, hakuna hata benchi. Hilo halihitaji uwanja wala ratiba. Ni fundi na mbao.

Mtu wa Langoni: Bi, hilo sina la kulijibu, litangulie. Nahodha, nawe umenishika. Basi tufanye hivi: pakingi ijengwe, ilipiwe kwa siku, na ushuru wake ndio ulipie safari tupu za boti ya zamu.

Mwenye Probox: Yaani nilipe nauli yangu na ya basi zima?

Nahodha: Na kioo chako kitakuwepo asubuhi.

Mwenye Probox: Ushuru wenyewe kiasi gani?