Wadau mlioko China: nimsaidieje mwanafunzi wa gaokao asikie na asome Kiingereza, muda umekata

Mnazi_Mkavu
Kwema wakuu. Niko Changsha nasoma masta, pembeni namfundisha Kiingereza binti mmoja wa gaosan, ule mwaka wa tatu wa sekondari ya juu, tuseme form six yetu. Gaokao, ule mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, inaanza tarehe 7 mwezi wa sita, Kiingereza ni tarehe 8 mchana. Jumla alama 150, mtihani wa majaribio wa juzi kapata 98, mama anataka 120. Sasa ukimpa maneno kwenye karatasi anayajua hatari, ile orodha yao ya maneno 3500 kaimeza yote, ila ukimwekea sauti anakutolea macho. Maswali ya kusikiliza yako 20 anapata 10, hapo ni alama 15 kati ya 30. Kusoma nako anakwenda neno moja moja na ile kalamu yao ya kuskani maneno, mtihani unaisha yuko katikati. Nakutana naye Jumatano na Ijumaa saa moja jioni. Mama ananitumia ujumbe WeChat kila asubuhi kuuliza maendeleo, usingizi sina. Mwenye mbinu anisaidie, matusi hapana. Nawasilisha.

Nyundo_ya_Mtaa
Siti ya mbele, karanga ninazo.

Ticha_Mstaafu
Mwanangu, shikamoo hukutoa lakini marahaba. Tatizo la vijana wa leo ni sarufi. Mimi nimefundisha Ruvuma miaka ya redio kaseti moja shule nzima, betri zikiisha mkuu wa shule anazianika juani, na watoto walifaulu kwa sababu walijua nyakati zote za vitenzi. Kwanza kwetu NECTA hana mtihani wa kusikiliza, mtoto anapewa ufahamu, ufupisho, insha, basi, na ndiyo maana wengi wenu mkifika ughaibuni mnaitikia yes kwa kila kitu. Mfundishe nyakati.

Mwanamvita
Mwalimu, heshima zako, lakini ameuliza habari ya kusikiliza. Huku kwetu Kenya ndio kichekesho, KCSE karatasi ya kwanza ya Kiingereza kuna sehemu ya kuzungumza na inaandikwa! Unaulizwa neno hili na lile yanafanana sauti, wewe unajibu kwa kalamu, chumba kizima kimya. Nilipata alama zote na nilipoenda Doha kufanya kazi hotelini mzungu wa Scotland akaniuliza kitu nikamletea taulo. Alikuwa anataka bili.

Nyundo_ya_Mtaa
Mwanamvita umeniua mbavu.

Dada_Kunming
Niruhusuni nijibu swali kwanza halafu nitauliza langu.

Mdogo wangu, huyo mtoto maneno anayajua kwa macho, kwa sikio hajawahi kukutana nayo. Kwenye maongezi maneno madogo yanamezwa na yanagandana, yeye anasubiri yaje moja moja kama yalivyo kwenye orodha, hayaji. Acha kumwekea mtihani mzima. Chukua maongezi mafupi, dakika moja tu, asikilize bila maandishi, aandike alichosikia hata kama ni nusu neno, arudie, aandike tena kwa wino mwingine, halafu ndo mfungue maandishi azungushie duara alivyokosa. Utashangaa, vingi atakavyozungushia ni maneno ambayo alikuwa anayajua. Baada ya hapo aseme pamoja na sauti, kwa spidi ile ile, mpaka ulimi uzoee, kwa sababu unachoweza kukitamka sikio linakipokea. Nusu saa kila siku inatosha na inachosha.

Pili mfundishe mtihani wenyewe. Maongezi matano ya kwanza yanapigwa mara moja tu, yanayofuata yote mara mbili. Kwa yale mafupi anapewa sekunde 10 za kujibu na kusoma swali linalofuata, kwa yale marefu kila swali lina sekunde 5 za kulisoma kabla. Wanafunzi wengi sekunde hizo wanazitumia kusikitikia swali lililopita! Likipita limepita, weka jibu lolote, macho yaende mbele. Na ajue mtego wao, mara nyingi anasikia zaidi ya jibu moja kati ya yale ya kuchagua, mtu anasema tukutane saa tatu, mwenzake anasema ina shida, wanaishia saa nne. Anayekimbilia namba ya kwanza anaumia.

Kusoma, ile kalamu mnyang'anye. Insha za ufahamu ziko nne, ya A huwa nyepesi, matangazo na ratiba, asome swali kwanza kisha akawinde jibu. Ya D ndo ngumu, mambo ya utafiti, hapo neno asilolijua aliruke, aangalie aya inabishana na nini. Na ile ya kuchagua sentensi tano kati ya saba asiisome kwa maana peke yake, aangalie viwakilishi: kama sentensi inaanza na "they", wametajwa wapi?

Sasa langu. Uko kwa viza gani?

Mnazi_Mkavu
Asante sana dada, hii ya wino mbili naianza leo. Viza iko sawa. Swali, hiyo dakika moja nitoe wapi, mitihani ya zamani au podikasti?

Dada_Kunming
Mitihani ya zamani. Podikasti ni tamu ila watu wanaongea hovyo na muda huna. Viza iko sawa vipi?

Kibosile_Mzigo
Mimi niko Guangzhou miaka mingi na "viza iko sawa" nimeisikia kwa watu ambao baadaye tuliwachangia nauli. Jibu swali la dada.

Sijali_Kitu
Nyie watu mnapenda polisi kuliko polisi wenyewe. Mtu kaomba mbinu za kufundisha.

Mchunga_Kondoo
Kijana, pesa ya haraka haikai. Nilikuwa na binamu alikwenda Uturuki akaanza hivi hivi kwa kufundisha, akaishia kuuza simu, akaoa, akasahau mama yake mzazi hata kumpigia. Ongea na wazazi wako. Na huyo ni binti, mama yake awepo chumbani muda wote, nasema hivyo kwa wema.

Mnazi_Mkavu
Mama yake yupo muda wote, mlango wazi, mzee usiwe na shaka.

Haya, niko na kibali cha kukaa cha masomo. Sasa kabla hamjanirukia sikilizeni. Skolashipu ya serikali yao kwa masta ni yuan 3000 kwa mwezi, hosteli bure, sawa, lakini mdogo wangu yuko chuo Dodoma na hajapata mkopo. Kila Mwafrika ninayemjua hapa anafundisha. Sijamwibia mtu, mtoto anafundishwa kweli. Na kuna utaratibu wa kuomba ruhusa chuoni, nilikuwa nimepanga kuomba.

Kibosile_Mzigo
Ulikuwa umepanga. Sikia mdogo wangu, sheria yao ya uhamiaji inayotumika tangu 2013 haina maneno mengi. Kufanya kazi bila kibali ni faini yuan 5,000 mpaka 20,000, likiwa zito unalala ndani siku 5 mpaka 15, na wanaweza kukurudisha kwenu. Mwanafunzi anaruhusiwa kazi ya muda, ila chuo kikubali na uhamiaji waandike kwenye kibali chako. Na sina uhakika watakuandikia kwa kufundisha Kiingereza, maana kwa ualimu huo wanataka watu wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza, Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, huko. Bongo haimo. Huyo mama anajua unatoka wapi?

Mnazi_Mkavu
Anajua ni Afrika.

Nyundo_ya_Mtaa
😂😂😂 Afrika ipi mkuu, ya mashariki au ya kichwani

Kibosile_Mzigo
Afrika ipi?

Mnazi_Mkavu
Aliyeniunganisha ndiye alimwambia Afrika Kusini, mimi sikumkatalia. Inabadilisha nini? Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha Wareno na Warusi wanaofundisha chekechea mjini hapa kwa sababu tu wana nywele za njano. Yeye mwenyewe alinisikia nikiongea nusu saa akaridhika. Ndo akalipa yuan 6000 kwa mkupuo, saa 30, 200 kwa saa, na tulikubaliana asipofika 120 narudisha nusu. Hiyo hela ilishaenda Dodoma. Ndo maana nauliza mbinu, siulizi sheria.

Dada_Kunming
Eeh. Kumbe 120 ni ya kwako, mama yuko nayo salama.

Bi_Tumaini
Jamani kaka, alama 22 kwa wiki hizi zilizobaki? Kusikiliza hata akikomboa 7 au 8, zinazobaki zitoke kwenye insha na kusoma. Ulikubalije?

Mnazi_Mkavu
Wachina wanapenda lengo liwe kwenye maandishi, usipoandika hawakuamini.

Kichuguu
Naomba niwe mbaya kidogo. Hii ni chai. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Nimesoma Hunan mimi. Gaosan saa moja jioni yuko darasani. Kuna kitu kinaitwa wan zixi, kujisomea usiku, mpaka kwenye saa nne, na wengi wanalala bwenini, nyumbani ni Jumapili nusu siku kama bahati. Huyu mwanafunzi wa Jumatano na Ijumaa saa moja jioni katokea wapi? Kuna mtu anatafuta watazamaji hapa, kesho utasikia anauza kozi ya kusikiliza Kiingereza kwa elfu kumi na tano.

Nyundo_ya_Mtaa
Karanga zimenikaba. Mnazi_Mkavu njoo jukwaani.

Ticha_Mstaafu
Nilihisi tangu mwanzo, asiyesalimia wazee ana jambo.

Mwanamvita
Basi apimwe. Kama kweli anafundisha huo mtihani atajua kitu ambacho kila mtoto wa China anakijua. Kichuguu muulize.

Kichuguu
Rahisi. Shati bei gani?

Sijali_Kitu
Shati gani tena jamani

Mnazi_Mkavu
Pauni 9.15. Jibu C.

Dada_Kunming
😂 Kwa wasiojua, karatasi yao ya kusikiliza ina mfano mmoja mwanzoni, How much is the shirt, 19.15, 9.18 au 9.15, na huo mfano hawaubadilishi, miaka nenda rudi shati ni lile lile na bei ile ile. Mfumuko wa bei haujawahi kuligusa. Watoto wanataniana nalo, kama wanavyotaniana na "abandon", ndo neno la kwanza kwenye orodha zao, kila Januari wanaanza upya kukariri wanaishia hapo hapo.

Kichuguu
Shati hata gugo lipo. Sijajibiwa habari ya saa moja jioni.

Mnazi_Mkavu
Kichuguu, wewe uliishi Hunan au ulipita na treni? Kuna peidu. Mama amepanga chumba mita chache kutoka geti la shule, kaacha biashara yake wilayani, anampikia mtoto na kumsubiri. Binti halali bweni, na siku hizo mbili mwalimu wa darasa kamruhusu atoke wan zixi kwa barua ya mzazi, kisingizio ni mgongo. Ukitaka picha ya ngazi za lile jengo nakutumia, lakini sura ya mtoto wa watu siweki humu.

Kichuguu
Peidu ipo, nakubali. Barua ya mgongo mwezi huu na mwalimu wa gaosan akakubali, hapo ndo nabaki na kikombe changu mkononi.

Bi_Tumaini
Mimi namwamini. Mtu anayetunga angejipa ushindi, huyu kila akijibu anazidi kuzama.

Kibosile_Mzigo
Iwe chai iwe maziwa, watu wanasoma, niseme. Tangu 2021 wamebana sana masomo ya ziada ya kulipia. Amri yenyewe iliandikwa kwa shule ya msingi na sekondari ya chini, ila jicho limefika mpaka kwa hawa wakubwa. Kwenye nyumba ya kupanga karibu na geti la shule, majirani wote ni wazazi wanaoshindana. Mwafrika akipanda ngazi mara mbili kwa wiki anaonekana. Simu moja tu. Hata huyo mama atakula faini yake, anayeajiri mtu asiye na kibali ni yuan 10,000.

Mnazi_Mkavu
Kuna jirani mmoja alishauliza. Mama akamwambia mimi ni rafiki wa familia.

Dada_Kunming
Mdogo wangu. Hilo lilikuwa la kuandika mwanzo kabisa.

Mnazi_Mkavu
Mngenijibu mbinu basi? Mngeanza na jirani. Zimebaki saa tisa, siwezi kuacha hewani mtoto ana gaokao. Siku ile polisi wanafunga barabara kuzunguka vituo vya mtihani, hata honi marufuku, saa nane na dakika 45 mlango umefungwa ukichelewa umekosa Kiingereza chote, na mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Ananiambia anaota sauti inaanza na hasikii kitu. Namalizia saa zangu, baada ya hapo nitaenda ofisi ya wanafunzi wa nje niulize hiyo ruhusa. Kama kuna njia ya kufanya mtandaoni badala ya kupanda ngazi nitaomba mama tuhamie huko.

Kibosile_Mzigo
Mtandaoni ni kazi vile vile. Ila ngazi angalau hutapanda.

Sijali_Kitu
Sasa mimi naomba kuuliza kwa nia njema, hiyo 200 kwa saa ni kila mtu au mpaka uwe wa Afrika Kusini?

Mchunga_Kondoo
Sijali_Kitu wewe ndio ulikuwa unalalamika watu wanapenda polisi.

Jogoo_la_Alfajiri
Salaam wakuu, sijasoma koment zote naona ni nyingi. Mwambie aangalie muvi bila maandishi ya chini, mimi ndo nilivyojifunza. Halafu kwanini usimtafutie mzungu?

Nyundo_ya_Mtaa
Jogoo, rudi kalale.