Semina za takwimu: wanafunzi wajadiliane kwa lugha gani?

Mkufunzi_Semina:
Habari wadau. Naongoza semina za takwimu chuoni, lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Nikitoa zoezi la uwezekano, vikundi huanza kubishana kwa lugha zao, na hapo ndipo mjadala unapochemka: mmoja anachora mchoro wa mti, mwenzake anafuta tawi, wa tatu anadai tukio limehesabiwa mara mbili. Nikisema Kiingereza tu, chumba kinapoa na anabaki kuongea yule aliyekulia nacho. Inaniuma, maana nimeshaona kwenye karatasi zao kwamba walionyamaza wameelewa. Mkuu wa idara anataka nipige marufuku lugha nyingine kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Wenzangu mnafanyaje?

Mama_Maabara:
Mwalimu, usipige marufuku. Ila mtihani nao hauna huruma. Mimi huwaacha wajadiliane wapendavyo, halafu kabla ya kutoka kila kikundi kinaandika aya moja ya Kiingereza kueleza kwa nini wamefuata njia ile. Jibu la namba peke yake silipokei.

Peke_Yangu:
Mkumbukeni na asiye na mwenzake wa lugha. Nilisoma hivyo muhula mzima: wenzangu wanajadili, mimi nasubiri nitafsiriwe mwisho. Kikundi chenye mtu kama mimi kitumie lugha ya wote.

Msahihishaji:
Mbona mtihani mnauchukulia kama hauguswi? Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, kwa kawaida humruhusu mwanafunzi kujibu kwa Kifaransa au Kiingereza, hata kama somo limefundishwa kwa lugha ile nyingine. Inawezekana kwa sababu lugha ni mbili na wasahihishaji wapo. Kwa lugha sita ni kazi nyingine kabisa. Na mgogoro wa lugha si wa kupuuza. Ule wa Leuven, Ubelgiji, uliangusha serikali mwaka 1968, chuo kikagawanywa, na hata vitabu vya maktaba vikagawanywa kwa namba shufwa na witiri.

Mkufunzi_Semina:
Asanteni sana. Peke_Yangu, nitapanga vikundi upya nikizingatia hilo. Mtihani uko juu ya uwezo wangu, lakini aya naweza kuianza Jumatatu na kumwonyesha mkuu matokeo. Mama_Maabara, unaipa alama?

Mama_Maabara:
Ndiyo, mbili kati ya kumi. Sarufi siikatii alama mpaka maana ipotee.