Kamera ya kupigia picha za kupamba: D3500 au D7200?

Binti_Kibokoni
Assalaam alaykum. Natafuta kamera ya kupigia picha za kupamba, yaani usiku bibi harusi anapopambwa, na harusi za ukumbini hapa Mombasa. Nina elfu 80, na kila kitu kiingie humo. Taa za ukumbini huwa hafifu na zabadilika rangi, na bibi harusi hupigwa kuanzia hina na piko za mikononi hadi akae jukwaani. Dukani nimeonyeshwa Nikon mbili zilizotumika, D3500 na D7200. Muuzaji asema zote ni megapikseli 24, basi nichukue nyepesi. Kweli hazina tofauti?

Lenzi_Makadara
Waalaykum salaam, dada. Megapikseli 24 zatosha na kubaki; picha ya A3 ikichapwa safi yahitaji kama 17 tu. Tofauti iko kwingine. D7200 ina matundu mawili ya kadi, kwa hivyo waweza kuipanga kila picha iandikwe mara mbili. D3500 ina tundu moja. Kadi ikiharibika usiku wa kupamba, bibi harusi hapambwi tena kesho ili upige upya. Usishawishiwe kupanda D7500 kwa sababu ni mpya zaidi: hiyo walirudisha tundu moja.

Pili, D3500 haina mota ya fokasi (ya kulenga picha itoke kali) ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila S, ambazo ndizo za bei nafuu, utazungusha fokasi kwa mkono. D7200 huziendesha yenyewe. Uzito ni kweli: gramu 415 za D3500 kwa 765 za D7200, na mkono utausikia ikifika saa tano usiku. Bado ningechukua D7200.

Lakini usimalize pesa kwenye bodi. Lenzi ya kuvuta ya milimita 18-55 ukiivuta hadi 55 hufunguka f/5.6 tu; namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi. Ya 35mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale 18-55 inapotaka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 12800, ambapo uso wa bibi harusi hujaa chengachenga, 35mm haifiki hata 1600. Wengi watakuambia ununue 50mm. Kwa ukubwa wa sensa (kinasa picha) ya kamera hizi, 50mm huona kwa ufinyu kama 75mm, na katika chumba cha nyumba ya Mji wa Kale utagota ukutani kabla kundi la kina mama halijaenea.

18-55 usiiache, kwa sababu ya hina. 35mm hata ukisogea karibu kabisa inapoweza kulenga, upana wa fremu ni kama sentimita 15, yaani kiganja karibu kizima. 18-55 ikiwa kwenye 55 hushuka hadi kama sentimita 7: ua moja la hina na ncha za vidole vilivyotiwa piko, kila mstari waonekana. Hapo funga hadi f/8 na uongeze taa, la sivyo ua litakuwa kali na vidole vitapotea.

Taa_na_Kivuli
Naongeza flashi, maana hapo juu imepita kimya. Nunua ya kichwa kinachogeuka, na uipige darini, si usoni. Nakshi za dhahabu za gauni hung'aa zikawa doa jeupe ukipiga moja kwa moja. Tatizo la kumbi zetu ni dari kuvalishwa vitambaa. Kitambaa cha zambarau kitarudisha mwanga wa zambarau kwenye ngozi, na kuusahihisha baadaye ni kazi. Dari ikiwa na rangi, geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe au funga kadi nyeupe nyuma yake.

Taa za LED za jukwaani nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Bila flashi, shata (kilango cha kupitisha mwanga) ikifunguka 1/500 ya sekunde yaweza kukupa mistari myeusi kwenye picha. Shuka hadi 1/100.

Fundi_wa_Lenzi
Kabla hujatoa pesa:

Mulika tochi ndani ya lenzi ukiangalia kutoka upande wa pili. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Pwani hii ni ugonjwa wa kila siku, na ukila kioo hata kikisafishwa alama hubaki. Iache lenzi hiyo.

Piga ukuta mweupe kwa f/16. Madoa yanayokaa mahali pamoja katika kila picha ni vumbi la sensa. Kisha omba picha iliyopigwa papo hapo na usome idadi ya mipigo ya shata ndani yake kwa programu ya kusoma taarifa za picha, Nikon huiandika. Shata ya D7200 ilijaribiwa kwa mipigo 150,000. Iliyopita 120,000 ipunguzwe bei sana.

Binti_Kibokoni
Shukran sana. Je, nikitoka kwenye eyasii (kiyoyozi) kwenda nje, kioo kikiingia ukungu?

Fundi_wa_Lenzi
Usikifute, na usibadilishe lenzi hapo. Kabla hujatoka, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Ukungu utaganda juu ya mfuko. Ngoja nusu saa. Nyumbani usiiweke kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Tumia kopo la chakula lenye mpira kifunikoni, chembe za silika za kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Chini ya 30 mipira ya kamera hukauka.