Wachezaji wa gofu wa kulipwa wanapata wapi yadi zote zile?

mkwaju_wa_kwanza aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wataalamu wa swingi (namna ya kuzungusha fimbo) mnifafanulie. Rory McIlroy ana urefu wa sentimita 175 tu, si pande la mtu, lakini msimu wa 2023 wastani wake wa draiva (fimbo ya mkwaju mrefu) kwenye PGA Tour, ligi ya wanaume wa kulipwa Marekani, ulikuwa yadi 326. Kwenye klabu zetu wapo wanaume wanaomzidi kimo na kifua, jimu hawakosi, na mpira ukifika 220 wanapongezana. Tofauti inatoka wapi hasa: nguvu, fimbo, mpira au mbinu? Na mtu wa handikapu 15 (mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji wa ridhaa) mwenye miaka 40 aongeze yadi ngapi bila kubomoa swingi yake yote? Naomba namba, maana "zungusha kiuno" nimeshaambiwa ya kutosha.

BiDraiva alijibu:

Bila namba mada hii huwa ubishi wa kijiweni, kwa hiyo tuanze nazo. TrackMan, ile rada inayopima fimbo na mpira, imewahi kutoa wastani wa makundi matatu. Nitataja kasi ya kichwa cha draiva, kasi ya mpira (zote maili kwa saa), kisha umbali wa hewani kabla mpira haujagusa ardhi:

PGA Tour, wanaume: 113, 167, yadi 275.
LPGA, wanawake: 94, 140, yadi 218.
Mwanamume wa ridhaa, handikapu 14 au 15: 93, 133, yadi 204.

(Za PGA Tour zimepanda kidogo miaka ya karibuni, ila hizi zinafaa kwa kulinganisha.)

Mkuu, tulia kwenye mstari wa pili na wa tatu. Fimbo zinakwenda kasi ile ile, lakini mwanamke anamwacha mwanamume kwa yadi 14. Hapo misuli haihusiki. Mwanamke wa LPGA anaupiga mpira fimbo ikiwa inapanda, wastani wa nyuzi 3 juu. Mwanamume wa ridhaa anaupiga fimbo ikishuka kwa nyuzi 1.6. Mpira wa mwanamke unaondoka kwa nyuzi 13.2 ukiwa na spini ya mizunguko 2,600 kwa dakika. Wa mwanamume unaondoka kwa nyuzi 12.6 na spini karibu 3,300. Spini ikizidi, mpira unapanda kama unapanda ngazi, unasimama hewani, kisha unadondoka bila kubingirika.

Sasa rudi mstari wa kwanza. Pengo kati ya PGA Tour na ridhaa ni yadi 71. Ondoa zile 14 za ubora wa mgongano, zinabaki 57, na hizo ni za kasi. Kila maili moja ya kasi ya fimbo inaleta yadi 2.5 hadi karibu 3, na hapa maili zinazokosekana ni 20. Hesabu inakubali. Kwa hiyo anayesema gofu ni mbinu tu hajatazama namba. Anayesema ni misuli tu naye aeleze kwa nini mbeba vyuma wako anaishia 220.

KombeoLaNyikani alijibu:

Naongezea hapo kwenye kasi, maana ndiko yadi nyingi zilipo.

Fikiria kombeo. Mkono wa mrushaji hauendi mbio sana; jiwe ndilo linalokwenda mbio, kwa sababu mkono unapunguza mwendo wakati kamba inapitiliza. Swingi ni hivyo hivyo, ila mnyororo una viungo vinne: nyonga, kifua, mikono, fimbo. Kwa mchezaji wa kulipwa nyonga huanza kurudi kuelekea shabaha fimbo ikiwa bado inamalizia kwenda nyuma. Nyonga zikifika kilele cha kasi zinafunga breki na kifua kinapokea. Kifua nacho kinafunga breki, mikono inapokea, nayo inafunga breki. Mwisho wa yote fimbo ndiyo inayobaki na mwendo. Kichwa kinapopita kwenye mpira kwa maili 113, mikono iko kwenye takriban robo ya kasi hiyo, au pungufu. Ndiyo maana picha ya mchezaji wa kulipwa inaonyesha uso uliotulia, na ya ridhaa inaonyesha mishipa ya shingo.

Ridhaa wanakata mnyororo sehemu mbili.

Ya kwanza ni juu kabisa. Wanaanza kushuka kwa mabega na mikono, kwa hiyo fimbo inatoka nje ya mstari na kuukata mpira kuja ndani. Uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, ukiwa wazi kidogo, hiyo ndiyo slaisi: mwinamo wa uso huo unaongezeka, spini inaongezeka, na mpira unakwenda kulia badala ya mbele. Mtu anadhani ana tatizo la mwelekeo tu, kumbe slaisi hiyo inamla yadi pia.

Ya pili ni viganja. Pembe kati ya mkono wa kushoto na shafti, yaani mpini wa fimbo, (nazungumzia anayepiga kulia) inafunguka mapema, fimbo ikiwa bado karibu na bega. Kasi ipo, ila imetumika kabla ya kufika kwenye mpira. Kipimo chake hakina gharama: geuza draiva, shika karibu na kichwa, zungusha hewani kwa nguvu zote na usikilize. Mlio wa "vuuu" unatakiwa uwe pale mpira ungekaa au mbele yake kidogo. Ukiusikia upande wa bega la kulia, umeshajua yadi zinamwagikia wapi.

Miguu nayo isisahaulike. Kabla ya mgongano mguu wa mbele unaisukuma ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mzima, na goti linanyooka. Mtazame Justin Thomas kwa mwendo wa taratibu: anapogusa mpira amesimama kwa vidole. Si mbwembwe za kufurahisha watazamaji, ardhi ndiyo inayomrusha. Mbeba vyuma anayefanya kifua na mikono tu jimu hana cha kuisukuma nacho ardhi. Aache benchi, afanye skwoti, kunyanyua uzito kutoka sakafuni, kuruka, na kurusha mpira mzito ukutani kwa mzunguko wa kiuno.

Halafu muda. Wachezaji wa kulipwa wengi wanakwenda nyuma kwa robo tatu ya sekunde na kushuka kwa robo sekunde, yaani tatu kwa moja. Ridhaa wengi wanavuta nyuma sekunde nzima na zaidi kwa sababu waliambiwa "polepole, polepole". Ushauri huo umeua yadi nyingi kuliko slaisi.

FundiShafti alijibu:

Upande wa vifaa nitasema jambo ambalo wauza maduka hawalipendi. Dari ni moja kwa wote. Kanuni zinaruhusu uso wa draiva urudishe mwendo kwa kipimo cha 0.83 na si zaidi, mpira usizidi gramu 45.93, na kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi. Gawanya 45.93 kwa 200, jumlisha moja, unapata 1.23. Kisha 0.83 nayo jumlisha moja, gawanya hiyo 1.83 kwa 1.23, unapata 1.49. Hiyo ndiyo kasi kubwa ya mpira unayoweza kupata kwa kila maili moja ya fimbo. Watu wa PGA Tour wako 1.48. Ridhaa wa BiDraiva, 133 kwa 93, yuko 1.43. Draiva mpya ya bei mbaya haiwezi kukupeleka 1.55, kwa sababu haipo halali ya namna hiyo.

Kinachomshusha ni mahali anapogonga. Kwa kasi ya 93, kutoka 1.48 hadi 1.40 ni maili 7 za mpira, na kila maili ya mpira ni kama yadi 2. Umeacha yadi 14 au 15 kwa kupishana na katikati ya uso. Na si pande zote zina adhabu sawa. Ukigonga juu kidogo ya katikati, mpira unaondoka juu zaidi na spini inapungua, hiyo unaweza kuisamehe. Ukigonga chini karibu na soli (tako la kichwa cha fimbo), unaondoka chini na spini inapaa. Huo ndio mkwaju mbaya kuliko yote kwa umbali, na ndio ridhaa anaoupiga sana kwa sababu tii yake (kijiti cha kuwekea mpira) imezama. Nusu ya mpira ionekane juu ya paa la draiva, na mpira ukae usawa wa ndani ya kisigino cha mbele.

Kujua unapogonga: chora doa nene kwa kalamu ya ubao mweupe nyuma ya mpira, doa likabili uso wa fimbo. Wino utahamia kwenye uso. Piga kumi, futa kila mara, andika.

Urefu wa shafti: draiva za dukani nyingi ni inchi 45.5 hadi 45.75. Kikomo kwa mashindano ya kulipwa tangu 2022 ni 46. Lakini wastani wa wachezaji wa PGA Tour uko karibu na 45, na hao ndio wanaoweza kuitawala ndefu. Kabla ya kukata chochote, shika inchi moja chini ya mwisho wa gripi (sehemu ya kushikia) na upige mipira kumi ya doa. Madoa yakikusanyika, kata. Kata upande wa gripi, kamwe si upande wa kichwa, na ukikata inchi nzima kichwa kitahisi chepesi: rudisha gramu 12 hivi kwa skrubu nzito au utepe wa risasi kwenye soli.

Mwinamo wa uso: mwenye maili 93 anayeshuka kwenye mpira hana kazi na draiva ya nyuzi 9. Hiyo ni sifa tu. Aanze 10.5, na 12 si aibu.

kedi_wa_bondeni alijibu:

Wakuu mmesahau kwamba namba za runinga na namba zetu hazipimwi sawa. Ile 326 ya McIlroy ina mbingiriko ndani yake. PGA Tour hupima umbali wa draiva kwenye mashimo mawili kwa kila raundi, yaliyochaguliwa yakielekeana kinyume ili upepo usipendelee, na wanapima pale mpira uliposimama, sio ulipotua. Feawei zao (njia za nyasi fupi kuelekea shimo) zimenyolewa kama zulia.

Huku kwetu nyasi ni hoja. Feawei ya nyasi za kikuyu, kama zilivyo nyingi Nairobi, inaushika mpira, ukitua umekaa. Nyasi hiyo hiyo iko kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles, na wachezaji wakubwa wakifika pale nao mbingiriko wao unapungua. Kwa upande mwingine Muthaiga, klabu ya Nairobi, iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri zaidi kwa asilimia 6 hivi, na wengine wanahesabu hadi 10. Anayepiga 204 hewani Dar es Salaam au Nyali atapata kama 216 Nairobi bila kujifunza lolote. Akirudi pwani asianze kulaumu draiva. Ila kuna mtego: hewa nyepesi inaunyanyua mpira kwa nguvu ndogo pia, kwa hiyo anayepiga chini chini hafaidiki kama anayepiga juu.

mkwaju_wa_kwanza:

Asanteni sana, hii ni shule. Dada BiDraiva, swali la mwisho lilibaki: huyo wa miaka 40, yadi ngapi kwa msimu mmoja? Na ayoni (fimbo za chuma za umbali mfupi zaidi) je, maana hata namba 7 yao inatuacha.

BiDraiva:

Ayoni 7 ya PGA Tour ni yadi 172 hewani, fimbo ikiwa na maili 90. Hapa wanashuka kwa nyuzi 4.3 na mikono iko mbele ya mpira, kwa hiyo uso unafika ukiwa na mwinamo mdogo kuliko ulivyotengenezwa. Mpira kwanza, udongo baadaye. Ridhaa anajaribu kuunyanyua mpira: uzito unabaki mguu wa nyuma, viganja vinapindua, na ayoni 7 inafika ikiwa na mwinamo wa ayoni 8 au 9. Chora mstari wa chokaa kwenye nyasi, weka miguu kama mpira uko kwenye mstari, piga bila mpira. Kovu lote liwe upande wa shabaha. Likianzia nyuma ya mstari, hakuna fimbo ya kukuokoa.

Draiva sasa. Ukirekebisha tii, mahali pa mpira, mwinamo wa uso na madoa ya FundiShafti, kile kipande cha yadi 14 kipo mezani, na hakidai nguvu. Tafuta kupiga ukipanda: bega la kulia liwe chini ya la kushoto tangu unaposimama, na kifua kibaki nyuma ya mpira. Kwa kasi ya maili 90, kutoka nyuzi 5 chini hadi nyuzi 5 juu ni kama yadi 20 hewani.

Kasi ni mazoezi tofauti. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane: swingi 20 hadi 30 bila mpira kwa nguvu zote, ukianza na fimbo nyepesi kisha nzito kidogo, pumzika dakika mbili kila baada ya tano. Kama mgongo una historia, muone mtaalamu wa viungo kwanza, sio baadaye. Maili 4 au 5 zinawezekana, nazo ni yadi 10 na ushee. Jumla nasema 20 hadi 25. Sisemi 70. Mtu aliyeanza kuzungusha kwa kasi akiwa na miaka minane ana mwili uliojengwa hivyo, na miaka 40 haiurudishi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kufanya yote mawili siku moja. Siku ya kasi usiangalie mpira unakwenda wapi. Siku ya madoa usikimbize kasi.

mkwaju_wa_kwanza:

Na kama hakuna rada?

FundiShafti:

Kifaa cha leza cha kupimia umbali na rafiki wa kusimama mbele pembeni kwa usalama, aone mpira unapotua. Usitumie mipira ya uwanja wa mazoezi. Imechakaa, na mingine imetengenezwa isifike mbali. Tumia kumi ya aina moja unayochezea. Ondoa mikwaju miwili mirefu na miwili mifupi, sita zilizobaki toa wastani. Kisha nendeni upande wa pili, mpige mkirudi, maana upepo wa pwani peke yake unaweza kukupa yadi 15 ambazo si zako.