Kusuka mota ya pampu mwenyewe: waya wa kopa au alminiamu?

Simtanki_Kimara
Wakuu habari za jioni. Nina pampu ndogo ya nusu HP, zile za kuvuta maji kisimani kupandisha kwenye simtanki, imeungua. Nimeifungua, koili upande mmoja nyeusi tii na harufu ya vanishi iliyoungua mpaka sasa haijatoka barazani. Fundi wa kwanza kasema ataisuka kwa waya wa alminiamu, bei ya kawaida tu. Wa pili kasema alminiamu takataka, nisuke kwa kopa, ila hela aliyotaja ukiongezea kidogo unabeba pampu nyingine dukani. Sasa mimi umeme wa majumbani nimesoma VETA, mkono ninao, nataka niisuke mwenyewe. Kopa au alminiamu, na geji namba ngapi? Wale wa "nunua mpya tu" nimeshawasikia, asanteni.

KoiliTemeke
Mkuu geji haiulizwi mtandaoni, inapimwa kwenye waya uliotoka humohumo ndani. Hata hiyo kopa au alminiamu ni swali la baadaye. Kabla hujakata chochote piga picha vichwa vya koili pande zote mbili, hesabu sloti, yaani ile mifereji inamolala waya (pampu za saizi hiyo nyingi ni 24), andika kila koili inaanzia sloti ya ngapi na inaingia ya ngapi, ranning zipi (koili za kuendesha mota) na stating zipi (za kuianzisha), waya upi unakwenda kwenye kapasita. Ndiyo ukate kichwa cha upande mmoja kwa patasi, uvute upande wa pili taratibu, uhesabu nyaya zilizomo kwenye sloti, hizo ndizo raundi. Zipo sloti zinazobeba koili mbili, usije ukazijumlisha. Na hesabu zaidi ya koili moja ya aina hiyohiyo maana zilizoungua zinakatikakatika hesabu inapotea.

Halafu usichome steta (ile sehemu isiyozunguka yenye koili) kwenye moto wa kuni ili waya utoke kirahisi!! Najua wengi wanafanya. Zile bati nyembamba za steta zimetenganishwa kwa insulesheni, ukizichoma sana inaisha, bati zinashikana, mota inakuwa inachemka hata usipoipa kazi na hutajua kwa nini.

Kupima: choma kipande cha waya kidogo enameli (ile ngozi ya juu inayozuia umeme) itoke, futa na kitambaa, pima kwa mikromita. Ukipima na enameli yake utanunua geji nene kuliko ya mwanzo. Leta namba hapa tuongee.

Dj_Vanishi
Mimi nitasema wasilotaka kusema mafundi. Alminiamu haina shida yoyote. Feni ngapi, mashine ngapi za kufulia, kompresa ngapi za friji zinatoka kiwandani na alminiamu na zinafanya kazi miaka? Kilo ya kopa ni zaidi ya mara tatu ya kilo ya alminiamu. Fundi anakutisha na kopa kwa sababu faida yake iko hapo, na ile kopa ya zamani anaibeba yeye anaenda kuipima kwenye chuma chakavu, mteja hata haulizi. Nani kati yenu ameshawahi kurudishiwa waya wake wa zamani na fundi? Nyoosheni mikono.

MwalimuOhm
Dj hapo kwenye chuma chakavu umesema kweli tupu 😂 lakini kwenye feni umeruka kitu. Mota ya kiwandani yenye alminiamu, sloti zake zilikatwa zikijua kuna alminiamu inakuja. Tatizo linaanza pale mota iliyotengenezwa kwa kopa unapoitoa kopa ukaweka alminiamu.

Hesabu ni fupi. Alminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 ya kopa. Ili ipate ukinzani uleule kwa urefu uleule, waya lazima uwe mnene, eneo mara 1.6 hivi, yaani kipenyo mara 1.27 hivi. Tuseme umetoa kopa ya SWG 22 (SWG ni namba za geji, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), hiyo ni milimita 0.71. Alminiamu ya kufanya kazi yake ni milimita 0.90, unaangukia SWG 20. Sasa chukua raundi zilezile za waya wa 0.90 uzisukumize kwenye sloti iliyokuwa imejaa waya wa 0.71. Haziingii. Kwa hiyo fundi anafanya nini? Ama anaweka alminiamu ya geji ileile 22, koili zinatoa joto mara 1.6 hivi ya kawaida yake, ama anapunguza raundi ili ziingie, na raundi zikipungua mota inakula ampea nyingi. Vyovyote vile itaungua, halafu lawama inaenda kwa alminiamu wakati alminiamu yenyewe haijakosea chochote.

Dj_Vanishi
Haya, "haijakosea chochote", ahsante mwalimu. Hayo ndiyo ninayosema.

Rewinda_Nakuru
Sasa nyinyi wote mmesahau joint. Mimi hiyo alminiamu nachukia kwa sababu ya kuunganisha. Hiyo waya inashika oksaidi haraka sana, solda ya kawaida haikamati, unaona imeshika juu juu alafu ukivuta inatoka kama gamu. Watu wanasokota tu na waya ya kopa ya leadi (ile inayotoka nje), wanafunga tepu, basi. Alminiamu inapanuka kwa joto kuliko kopa, kila wakati mota inapata moto na kupoa hiyo joint inalegea kidogo, inaanza kuchoma. Ukilazimika, kwangua enameli vizuri, tumia ferulo ya kukrimpu (kibomba kidogo cha chuma kinachobanwa juu ya waya), funika na slivu. Na hapo tunaongea juu ya pampu boss, kitu inakaa karibu na maji. Kopa na alminiamu zikigusana mahali pako na unyevu, alminiamu ndio huliwa.

Duty pia uangalie. Feni inapulizia koili yake yenyewe upepo siku nzima. Pampu yako imefungwa ndani ya bodi.

BintiKisauni
Naongezea hapo kwa unyevu. Kwetu huku pwani hewa yenyewe ina chumvi, pampu za visima vifupi zinarudi mezani koili nzima, kiungo kimegeuka unga mweupe. Mimi nikishaona unga mweupe kwa kiungo najua ni alminiamu kabla hata sijakwangua. Kwa hiyo ndugu yangu ikiwa kisima chako kiko karibu na bahari chukua kopa usifikirie mara mbili, ukiwa mbali kidogo na bahari kama Kimara hapo waweza kujadiliana na mfuko wako.

Lakini hebu niulize, hiyo kopa mtainunua wapi yenye kuaminika? Maana siku hizi kuna waya una ngozi ya kopa juu na ndani ni alminiamu, rangi ileile, rola ileile, bei "ya ofa".

KoiliTemeke
Swali zuri dada. Njia ninazotumia mimi: kwanza uzito, kopa ina uzito zaidi ya mara tatu ya alminiamu kwa ujazo uleule, rola ukilishika mkononi unajua unadanganywa. Pili kata ncha kwa kisu uiangalie kichwani, kopa ni nyekundu mpaka katikati, ile feki katikati nyeupe. Kukwangua pembeni tu hakutoshi kwa hii ya ngozi maana utakuta nyekundu utafurahi. Tatu moto wa gesi: alminiamu inayeyuka nyuzi 660, kopa 1,085, waya mwembamba wa alminiamu kwenye moto mkali unajikunja na kudondoka, kopa inawaka nyekundu tu inakuangalia. Muuzaji akikukataza kukata ncha ya sentimita mbili ondoka.

Simtanki_Kimara
Wakuu nimerudi. Nimefanya yote, picha nimepiga, sloti ni 24 kweli, raundi nimehesabu na kuandika. Sasa mshangao: waya ulikuwa mwekundu kabisa nje, mimi nikajua kopa, hata yule fundi wa pili aliangalia akasema "hii kopa safi". Nimechoma kipande na kufuta, chini mweupe. Nimekata ncha, mweupe mpaka ndani. Hiyo rangi ni enameli tu. Kwa hiyo pampu imetoka kiwandani na alminiamu! Ranning ni milimita 0.71, stating ni 0.56. Kwenye kile kibati cha pembeni haijaandikwa popote kuwa ni alminiamu.

Dj_Vanishi
😂😂😂 Nimekaa pale.

Rewinda_Nakuru
Kwani ulidhani nusu HP ya bei hiyo ni kopa? Hizo ndogo nyingi ni hivyo. Ndio maana nyepesi.

MwalimuOhm
Basi mezani mambo yamegeuka, na kwa upande mzuri. Sasa sloti zako ni kubwa, zilitengenezwa kwa waya mnene. Una njia tatu.

Ukirudisha alminiamu 0.71 na 0.56, raundi zilezile, pampu inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Hilo fundi wa kwanza alikuwa sahihi, sijui kwa kujua au kwa bahati. Ukitaka kopa yenye ukinzani uleule, gawanya kwa 1.27: ranning inakuwa 0.56 ambayo ni SWG 24, stating 0.44, hapo iko kati ya SWG 26 na 27, chukua 26. Sloti zitabaki na nafasi nyingi. Ya tatu ni kuitumia hiyo nafasi, ranning uweke kopa SWG 23 (0.61), ukinzani unapungua, mota inapoa.

Hela: kopa ya kufanya kazi ileile ina uzito kama mara mbili ya alminiamu, na kilo yake ni zaidi ya mara tatu, kwa hiyo waya peke yake unalipa kama mara sita. Inatisha ukiisema hivyo, lakini nusu HP haili waya mwingi, na vanishi, karatasi ya sloti, slivu, beringi bei ni moja tu, kopa uweke au alminiamu. Ufundi ni wako, bure.

Onyo moja. Ukiona nafasi imebaki usiongeze raundi. Watu wanadhani raundi nyingi ndiyo nguvu nyingi, kumbe sumaku inapungua na mota inakosa nguvu ya kuanza, itabaki inanguruma tu na propela haizunguki.

KoiliTemeke
Naunga mkono ya tatu, kopa 23 ranning na 26 stating. Stating usiinenepeshe hovyo, ile ukinzani wake na kapasita vinakwenda pamoja ndiyo vinavyoipa mota mwelekeo wa kuanza. Kama SWG 23 imekosekana madukani usihangaike, sokota nyaya mbili sambamba za geji nyembamba, eneo likilingana mota haijui tofauti. Mfano SWG 25 mbili ni sawasawa na 22 moja. Tena nyembamba zinalala vizuri kwenye sloti kuliko mnene mmoja mgumu.

Karatasi ya sloti usitumie maboksi ya viatu kama ninavyoona kwa watu, nunua ile yenyewe. Vanishi chukua ya klasi F, inavumilia nyuzi 155. Pasha steta joto kwanza, mimina vanishi iingie mpaka chini, iache ichuruzike, kisha ikauke kwenye joto la nyuzi 100 na kitu kwa saa kadhaa. Waya usioshikwa na vanishi unatetemeka na kusuguana, enameli inakwanguka. Hapo hata ungeweka dhahabu.

BintiKisauni
Na hakuna aliyemuuliza iliungua kwa nini! Upande mmoja mweusi, wa pili mzima? Ni ranning au stating?

Simtanki_Kimara
Ranning dada. Stating inaonekana nzima kabisa. Na sasa umenikumbusha, wiki za mwisho ilikuwa inanguruma kwanza ndiyo inashika, jioni umeme wa kwetu ukiwa mdogo ilikuwa haishiki mpaka niizungushe kwa bisibisi kwenye feni ya nyuma.

BintiKisauni
Kapasita hiyo! Imekufa polepole. Mota ikishindwa kuanza, ranning inavuta ampea nyingi mno na hakuna upepo wa kuipoza, yaungua ikiwa imesimama. Na umeme mdogo ndio humalizia, maana nguvu ya kuanza yashuka haraka kuliko volti. Ungesuka kwa kopa ya aina gani ukarudisha kapasita ileile, mwezi haufiki. Nunua mpya, mikrofaradi ileile iliyoandikwa juu yake, volti 450. Nusu HP nyingi ni 8 hadi 12 lakini wewe soma yako.

Rewinda_Nakuru
Beringi pia zungusha na mkono usikie kama inakwaruza. Na ukimaliza usiende kuchomeka moja kwa moja kwa soketi. Kwanza mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya koili na bodi, chini ya megaomu moja rudisha ikauke tena. Huna mega, tafuta fundi akupimie, hiyo ni kazi ya dakika moja. Alafu washa kupitia bulbu ya wati 100 iliyoungwa sirisi, zile za zamani za uzi sio za LED. Hiyo bulbu inazuia ampea zisipande kama kuna shoti ndani, lakini ikiwaka full peke yake sio ushahidi wa shoti.

Simtanki_Kimara
Nimewaelewa. Nachukua kopa 23 na 26, kapasita mpya, beringi nabadilisha zote mbili tu. Mwalimu nikishasuka naweza kuiwasha mezani bila maji nione?

MwalimuOhm
Sekunde chache tu uone inazunguka upande gani. Ile sili ya shafti inapozwa na maji, ukiiacha kavu inaungua na utakuwa na pampu iliyosukwa kwa kopa inayovuja.

Kipusa_wa_Moro
Wakuu samahani nimechelewa, somo zuri sana. Na mimi nina feni ya dari inazunguka polepole, hizi geji 23 na 26 zitafaa?

KoiliTemeke
Hapana dada, hizo ni za pampu yake huyu. Feni ya dari koili ziko katikati na rota inazunguka kwa nje, hesabu yake ni nyingine kabisa. Badilisha kapasita kwanza kabla hujafungua kitu, ikishindikana fungua uzi wako na picha.