Sloti ya "x16" yenye njia moja tu: wauza kompyuta sugu wa Lubumbashi, mtatumaliza

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha, leo naweka yote hadharani. Kama una kazi migodini na unataka kununua hizi kompyuta sugu zinazouzwa hapa Lubumbashi, zile za boksi la aluminiamu lenye mapezi mgongoni, zisizo na feni, soma kwanza kabla hujatoa dola zako. Duka lililoniuzia silitaji, sina muda wa kesi. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kazi yenyewe ni hii. Mgodi mmoja upande wa barabara ya Likasi ulinipa kazi ya kufunga kamera nne juu ya konkasa, mashine ya kuvunja mawe. Malori yanamwaga mawe, kamera zinatazama kama kuna jiwe kubwa kupita kiasi, au jino la ndoo ya ekskaveta lililong'oka likaja na mzigo. Aliyewahi kufanya kazi pale anajua: jino moja la chuma likiingia kwenye taya za konkasa, kazi inasimama na kila mtu anaanza kutafuta wa kumlaumu. Kwa hiyo picha haitakiwi kukosa. Hizi si picha za harusi.

Kamera ni za pikseli 2448 kwa 2048, nyeusi na nyeupe, baiti moja kwa kila pikseli, picha 20 kwa sekunde. Piga hesabu. Picha moja ni megabaiti 5, kamera moja inatoa megabaiti 100 kila sekunde, zote nne zinatoa 400. Kila kamera ina waya wake wa Etherneti wa gigabiti 1, ambao unabeba hadi megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye waya hakuna neno. Waya zote nne zinaingia kwenye kadi moja ya PCI Express, mfumo unaounganisha kadi na prosesa ndani ya kompyuta. Kadi ina njia nne za kupitishia data, kizazi cha 2, na inachomekwa kwenye sloti, tundu refu la ndani. Katika kizazi cha 2 kila njia inapitisha megabaiti 500 kwa sekunde kila upande, na njia nne zinakupa 2000. Hata ukitoa kinacholiwa na vichwa vya paketi (taarifa zinazotangulia kila kifurushi cha data), nafasi inabaki tele.

Hayo yote nilimwandikia muuzaji kabla ya kulipa. Nikamuuliza waziwazi: "Mukubwa, sloti ya ndani ina njia ngapi?" Akajibu: "Patro, ile njo x16 ya kweli, hata kadi ya video ya michezo itaingia." x16 maana yake njia kumi na sita. Ujumbe ninao mpaka leo kwenye WhatsApp.

Kuingia, kadi imeingia! Nani alimuuliza habari za kuingia? Plastiki ya sloti ni ndefu ya x16, hilo silikatai. Ila ndani ya plastiki ile, shaba inayokwenda hadi kwa prosesa ni ya njia moja. Moja, jamani. Kumi na tano zilizobaki ni pini za mapambo. Na msije mkaniambia kiwango cha PCI Express kinakataza. Kinaruhusu kabisa sloti ndefu iwe na njia chache, na mtengenezaji muungwana huandika kwenye kitabu chake kwamba umbo ni x16, njia zilizounganishwa ni x4. Kitabu cha kompyuta hii kina ukurasa mzima wa picha ya boksi likimwagiwa maji. Kuhusu njia, hata mstari mmoja hakuna.

Mwenye Linux anaweza kujihakikishia mwenyewe sasa hivi. Andika lspci -vv, amri inayoorodhesha kadi zilizounganishwa, ukiwa na ruhusa za msimamizi, tafuta kadi yako, tazama mistari miwili. LnkCap ni uwezo wa kadi, LnkSta ni hali iliyopo. Kwangu LnkCap inasema 5GT/s (hamisho bilioni 5 kwa sekunde, kasi ya kizazi cha 2), x4. LnkSta inasema 2.5GT/s, x1. Hiyo 2.5 ni kasi ya kizazi cha 1, teknolojia ya mwaka 2003. Njia moja ya kizazi hicho inapitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na baada ya vichwa vya paketi zinabaki kama 200 za kazi. Mimi nina 400 zinazosubiri kupita. Ni sawa na kuyaambia malori yote ya mpaka wa Kasumbalesa yapite kwenye daraja la pikipiki.

Sasa, njia moja ni uongo wa muuzaji. Lakini kushuka kutoka 5 hadi 2.5 ni habari nyingine, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu inaonyesha hata aliyeiunda hajawahi kusimama karibu na konkasa.

Sloti haiko juu ya bodi mama. Kuna kibao cha kupandishia, kidogo, kinachosimama wima ili kadi yako ipate kulala ndani ya boksi jembamba. Ina maana mawimbi yanatoka kwenye prosesa, yanapita konekta ya kwanza, yanapanda kibao, yanapita konekta ya pili, ndipo yanafika kwenye kadi. Kwa kasi ya 5GT/s kila biti inaishi pikosekunde 200 tu. Kila konekta inarudisha mwangwi kidogo, kila kona inakula nguvu kidogo, na kibao cha bei rahisi kinamaliza kilichobaki. PCI Express imetengenezwa kwa akili: mashine inapowaka, pande mbili zinajaribiana na kukubaliana kasi, na mambo yakiwa mabaya zinashuka chini ili angalau kazi iendelee. Tatizo zinashuka kimyakimya. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe kwenye kioo. Wewe unaona tu picha zimekatika katikati, unaanza kulaumu kamera, unabadilisha waya, unagombana na fundi wako bure.

Na haishuki kila wakati. Asubuhi ikiwashwa na baridi inapata 5 vizuri kabisa. Konkasa ikishaanza kutetemesha jukwaa na jua likapanda, ukifungua kumbukumbu za kerneli (kiini cha Linux) unakuta makosa ya AER, yaani ripoti za makosa ya PCI Express, yamejipanga, yale yanayosahihishwa, mengi kuliko unavyoweza kusoma. Ukiizima na kuiwasha mchana, inaamka na 2.5. Nilipompigia muuzaji simu akaniambia mashine yangu "ina baridi ya asubuhi". Sijui alimaanisha nini, na sidhani naye alijua.

Mtetemo unafanya nini? Meno ya dhahabu ya kadi yanakaa kwenye sloti kwa msuguano tu, na upande wa nje kuna skrubu moja ya kushika bati. Pembe ya ndani haishikwi na kitu. Kadi inacheza sehemu ndogo sana ya milimita, huku na huku, saa zote. Dhahabu ni ngozi nyembamba. Inakwanguka, chuma cha chini kinakutana na hewa, kinashika kutu, na mguso unaanza kuwa wa leo upo kesho haupo. Nilipoitoa kadi niliona michirizi kwenye meno kwa macho yangu, bila lenzi. Mashine inayouzwa kwa jina la usugu ilipaswa kuwa na kibano cha kukandamiza kadi kutoka juu. Kibano! Kipande cha bati na mpira. Hakuna.

Umeme nao. Kadi yangu inalisha kamera kwa waya uleule wa mtandao, kwa kiwango cha 802.3af, ambacho ni hadi wati 15.4 kwa poti. Mara nne ni 61.6. Sloti ya x4 inatakiwa kutoa wati 25 mwisho, ndiyo maana kadi ina tundu lake la umeme wa ziada. Kompyuta yao haina sehemu ya kuutoa umeme huo. Unajua fundi wa duka alifanya nini? Alichomelea waya mbili moja kwa moja kwenye njia ya volti 12 ya bodi, akazishika na gundi ya moto. Gundi ya moto, ndani ya boksi lisilo na feni, mwezi wa kumi, Katanga. Nilipoliona nilicheka kwanza, hasira ilikuja baadaye.

Tuje kwenye vibandiko. Boksi limeandikwa IP65. Namba 6 ni kuzuia vumbi kabisa, 5 ni kustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Vizuri. Lakini ukishafungua bati la nyuma ukatoa poti nne za RJ45, matundu ya kawaida ya waya wa mtandao, vumbi limepata milango minne. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati hutumia konekta za M12 za kufunga kwa kuzungusha. Halafu kuna kibandiko cha MIL-STD-810. Hiki ndicho kinachowatia watu mkenge kuliko vyote. MIL-STD-810 ni kitabu cha njia za kupima: joto kina namba yake, mchanga na vumbi namba yake, mtetemo namba yake, 514, kishindo 516. Si cheti. Mtu anaweza kuangusha boksi mara chache, akaacha mtetemo na vumbi, akabandika jina lote. Nilimwomba muuzaji ripoti inayosema ni njia ipi ilipimwa, kwa nguvu gani, na kama kulikuwa na kadi kwenye sloti. Akanitumia tena picha ya kibandiko.

Warantii ipo, miaka miwili. Sharti mashine irudishwe nchi ilikotoka kwa gharama yangu. Yaani niitoe Kasumbalesa, isafiri, ikirudi nibishane tena na duwane kwamba ni kitu kilekile nilichokwishalipia ushuru. Franga zinazoenda huko zinakaribia kununua nyingine, na wao wanalijua hilo.

NYONGEZA, kwa sababu naona majibu yameanza.

Aliyesema nipunguze picha ziwe 10 kwa sekunde: ndivyo inavyoenda sasa, vinginevyo mteja angeshanifukuza. Hiyo ni megabaiti 200, inasota palepale ukingoni, na jino linaloanguka na mzigo halikungoji. Mkataba wangu unasema 20.

Aliyesema nihamie kwenye M.2, ile sloti ndogo ya kadi nyembamba: ndugu, hiyo sloti ipo, nimeitazama. Ina ufunguo wa B, na mtengenezaji ameipelekea SATA (ya diski) na USB tu. PCI Express hakuna hata njia moja. Kuna mini PCIe pia, sloti ndogo ya PCI Express, ambayo umbo lake linafanana kabisa na la mSATA, sloti ya diski, pini 52 zilezile. Nawe utabahatisha ni ipi mpaka uchomeke. Umbo la sloti halikuambii kilichounganishwa. Nimelisema mara ngapi?

Kwa yule aliyeandika "ungechukua kompyuta ya kawaida ukaitia kwenye kabati la chuma": tulikuwa na hiyo kabla. Feni ilivuta vumbi la mgodi mpaka ikakwama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jibu la maana mpaka sasa ni la PC/104. Nakubaliana nalo. Bodi za milimita 90 kwa 96, zinapandana moja juu ya nyingine, na kila pembe ina nguzo yake ya skrubu, kwa hiyo hakuna kadi inayoning'inia. Muundo huo upo tangu 1992, na tangu 2008 kuna PCIe/104 yenye konekta ya pini 156 katika makundi matatu ya 52. Ila hapo nako angalia: kuna Aina ya 1 na Aina ya 2. Kundi la kwanza la pini linafanana, mawili yaliyobaki yana kazi tofauti. Aina ya 1 ina x16, Aina ya 2 ina x4 mbili pamoja na SATA na USB. Ukinunua bodi ya aina moja na kadi ya aina nyingine kwa muuzaji kama wangu, atakuambia "itaingia, patro". Na bei yake si ya mchezo, sitawadanganya.

Kwa hiyo duka lolote la hapa mjini linalotaka pesa yangu tena, kwenye fakture liandike kwa kila sloti: njia zilizounganishwa, kizazi kinachofikiwa kadi ikiwa imekaa kwenye kibao cha kupandishia na mashine ikiwa ya moto, wati zinazotolewa, na kadi inashikwaje. Halafu waniwashie mbele yangu niandike lspci mwenyewe. Asiyetaka kuandika, abaki na boksi lake.

Muuzaji wangu, najua unasoma huku, maana umeniblok WhatsApp jana jioni baada ya uzi huu kupanda. Sitaki mashine mpya ya aina ileile. Nataka kibao cha kupandishia cha njia nne kinachokaa kwenye 5GT/s, kama bodi yako mama inacho cha kukipa, na kama haina, nataka dola zangu.

Na mwenye bodi ya PCIe/104 ya Aina ya 2 iliyokwisha kufanya kazi Kolwezi, Likasi au hata Ndola, pamoja na kadi ya poti nne, aandike hapa chini bei na LnkSta yake. Picha ya boksi sihitaji.